Ukitoa Taarifa Kisha Ukaandamwa Kazini: Mwongozo kwa Watumishi wa Vyuo Vikuu

Sura hii inawahusu watumishi wa vyuo vikuu nchini Kenya, vya umma na vya binafsi: wahadhiri, wahasibu, mafundi wa maabara, makarani wa mitihani, walinzi na wahudumu wa mabweni. Inawahusu pale wanapofichua uovu kazini kwa nia njema, na baada ya hapo wakaanza kuona mambo yakiwageukia.

Malalamiko ya namna hii huletwa mara nyingi yakiwa yamefungamana. Mlalamishi husema kwamba analipiziwa kisasi, na katika sentensi iyo hiyo husema kwamba anabaguliwa. Huenda yote mawili ni kweli. Hata hivyo, hayo ni madai mawili, na kila moja lina sheria yake, ushahidi wake na namna yake ya kujibiwa. Tumeandika sura hii ili kumsaidia msomaji kuyatenganisha, kwa sababu dai lenye haki ndani yake laweza kuanguka, si kwa kuwa ni la uongo, bali kwa kuwa lililetwa likiwa limechanganyika, likiwa halina tarehe, au likiwa limechelewa.

Kisasi na ubaguzi hutofautianaje?

Ubaguzi humpata mtu kwa sababu ya jinsi alivyo: kabila lake, jinsia yake, dini yake, ulemavu wake, ujauzito wake. Kisasi humpata kwa sababu ya jambo alilolitenda: alitoa taarifa, alilalamika, au alikubali kuwa shahidi wa mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa ununuzi katika chuo kikuu fulani anagundua kwamba vifaa vya maabara vimelipiwa kikamilifu ilhali havijawahi kufika ghalani. Anamwandikia mkuu wa ukaguzi wa ndani. Wiki tatu baadaye anahamishiwa kampasi ya mbali, bila maelezo. Hilo ni dai la kisasi. Iwapo karani huyo ni mwanamke mjamzito, na wenzake wa kiume walioandika taarifa kama yake hawakuguswa, basi lipo pia dai la ubaguzi. Na iwapo hapo awali alilalamikia ubaguzi, kisha akahamishwa kwa sababu ya lalamiko hilo, uhamisho huo ni kisasi hata kama ubaguzi wenyewe hautathibitishwa. Mtu aliyelalamika kwa nia njema halazimiki kushinda lalamiko la kwanza ndipo apate kinga katika la pili.

Ni sheria zipi zinazomkinga mtoa taarifa?

Kinga ya mtoa taarifa, ambaye wengine humwita mfichuzi, haikukusanywa mahali pamoja. Imetawanyika katika Katiba na katika sheria kadhaa. Zilizo muhimu ni hizi.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 236, inakataza afisa wa umma kuonewa au kubaguliwa kwa sababu ya kutekeleza kazi yake kulingana na Katiba au sheria nyingine yoyote. Inakataza pia kumfuta kazi, kumwondoa au kumshusha cheo bila kufuata utaratibu wa sheria. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu, katika ajira ya umma na ya binafsi, haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inasema kwamba mtu hawezi kuchukuliwa hatua, zikiwemo hatua za kinidhamu, kwa sababu ya taarifa aliyoipa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yaani EACC. Kinga hiyo haimfikii aliyetoa taarifa ambayo yeye mwenyewe hakuiamini kuwa ya kweli.

Sheria ya Hongo ya 2016 inakwenda mbali zaidi. Kumshusha cheo, kumkaripia, kumfuta kazi, kumhamishia mahali pabaya au kumtisha mtu aliyetoa taarifa kuhusu hongo ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtumishi wa umma, na yeyote aliye na mamlaka, kuripoti hongo anayoijua au kuishuku katika muda wa saa 24. Kwa hiyo mtumishi wa chuo cha umma anayeripoti hongo hakuvunja uaminifu kwa mwajiri wake, bali ametimiza wajibu aliotwishwa na sheria.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawafaa wale ambao jambo walilolifichua si hongo. Inamkinga anayefichua, kwa manufaa ya umma, habari alizozipata kazini kuhusu uvunjaji wa sheria, matumizi mabaya ya fedha, mgongano wa maslahi au matumizi mabaya ya mamlaka. Zingatia, hata hivyo, kwamba kinga hiyo inaelekezwa kwa taarifa zinazopelekwa kwa vyombo vya kutekeleza sheria au kwa taasisi ya umma inayohusika. Anayeanzia katika mitandao ya kijamii anajiweka mahali ambapo kinga hiyo ni vigumu kuidai.

Sheria ya Ajira ya 2007, nayo, inasema kwamba kuwasilisha lalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi wala kumwadhibu, isipokuwa lalamiko hilo lionekane kuwa la kizembe na lisilo na msingi.

Msomaji asidhani kwamba kuandikwa kwa kinga ndiko kutendeka kwake. Kenya inamkumbuka David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka zilizosaidia kufichua kashfa ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Aliachiliwa, lakini kazi yake hakurudishiwa, na alifariki mwaka 2006. Nyingi ya kinga tulizozitaja zimetungwa baada ya masaibu yake kuanza. Zinamsaidia anayejua namna ya kuzitumia.

Kisasi huja kwa sura gani?

Ni nadra mwajiri kuandika kwamba anamwadhibu mtu kwa kutoa taarifa. Kisasi huja katika umbo la uamuzi wa kawaida wa utawala. Katika vyuo vikuu, tunawashauri watumishi waangalie dalili kama hizi:

– mkataba wa mhadhiri wa muda kutohuishwa, ilhali masomo aliyoyafundisha yangali yanafundishwa;
– kuondolewa katika ratiba ya mihadhara, usimamizi wa tasnifu au kamati za mitihani;
– faili la kupandishwa cheo kukwama bila majibu;
– tathmini ya utendaji kushuka ghafla baada ya miaka ya sifa njema;
– kunyimwa likizo ya masomo au fedha za utafiti zilizokwisha kuidhinishwa;
– kuhamishwa kampasi, kunyang'anywa ofisi, au kufungiwa mifumo ya kompyuta;
– kufunguliwa mashtaka ya nidhamu kwa makosa ya zamani yaliyokwisha kusamehewa.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo peke yake ni ushahidi wa kisasi. Chuo kinaweza kupunguza wahadhiri kwa kukosa fedha, na mkuu wa idara anaweza kubadilisha ratiba kwa sababu njema. Ndiyo maana dai la kisasi hujengwa kwa kuunganisha mambo, si kwa kuyataja tu.

Mlalamishi athibitishe nini?

Dai la kisasi lina nguzo tatu. Ya kwanza ni taarifa: ulisema nini, kwa nani, lini. Ya pili ni ujuzi: aliyekuchukulia hatua alijua kwamba ni wewe uliyetoa taarifa. Ya tatu ni madhara pamoja na uhusiano: ulidhurika, na ulidhurika kwa sababu ya taarifa hiyo.

Nguzo ya pili husahauliwa zaidi kuliko zote. EACC hupokea taarifa hata kutoka kwa mtu asiyetaja jina lake, na njia hiyo hufaa sana pale ambapo hatari ni kubwa. Lakini aliyejificha kikamilifu huona ugumu baadaye anapodai kwamba mwajiri alimwadhibu kwa taarifa ambayo, kwa mujibu wa maandishi yote, mwajiri hakujua ilitoka wapi. Ni vyema kuamua tangu mwanzo: je, kinga yangu itakuwa siri, au itakuwa kumbukumbu? Anayechagua siri aitunze kwelikweli, na aihifadhi nambari aliyopewa wakati wa kuripoti. Anayechagua kujulikana aandike barua, aitie tarehe, na aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa nguzo ya tatu, kufuatana kwa matukio husaidia lakini hakutoshi. Kwamba uhamisho ulikuja baada ya taarifa hakumaanishi kwamba ulitokana nayo. Uzito huongezeka iwapo kuna mambo mengine: muda kati ya matukio ni mfupi, chuo kiliruka utaratibu wake chenyewe, sababu iliyotolewa ilibadilika kutoka barua moja hadi nyingine, au mwenzako aliyekuwa katika hali kama yako, lakini hakutoa taarifa, hakuguswa.

Na kwa dai la ubaguzi?

Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi katika kuajiri, mafunzo, kupandisha vyeo, masharti ya kazi na kuachisha kazi. Misingi inayotajwa ni pamoja na rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito na hali ya virusi vya ukimwi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinaongeza mingine, ukiwemo umri, hali ya ndoa na mavazi. Sheria inataka pia malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa.

Hapa mzigo wa kuthibitisha umepangwa kwa namna inayomfaa mfanyakazi. Mlalamishi akishaonyesha mambo ambayo kwa sura yake yanaashiria ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutendeka, au kwamba tofauti iliyopo ina sababu halali. Lakini ni lazima mlalamishi aanze kwa kutaja msingi na mlinganisho. Kusema "ninachukiwa" hakutoshi. Kusema "tulikuwa wanne wenye sifa sawa, watatu wakapandishwa cheo, nami mwenye ulemavu nikaachwa bila sababu iliyoandikwa" kunamlazimu mwajiri kujibu.

Tunasisitiza jambo moja. Usiongeze dai la ubaguzi ili tu kulitia nguvu dai la kisasi. Dai dhaifu likikaa kando ya lenye nguvu, hulidhoofisha, kwani humpa mwajiri nafasi ya kumwonyesha mlalamishi kuwa mtu wa kulalamikia kila kitu.

Kumbukumbu ziwekwe vipi?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo. Anza daftari siku ile unapotoa taarifa, si siku unapofutwa kazi. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali, waliokuwapo na maneno yaliyosemwa, bila matusi na bila kubashiri nia za watu. Baada ya agizo la mdomo, mwandikie aliyekuagiza ujumbe mfupi wa heshima ukieleza ulivyomwelewa. Asipokanusha, ujumbe huo ni ushahidi.

Hifadhi nakala za barua ya ajira, mikataba, tathmini, hati za mshahara na kanuni za watumishi za chuo. Zihifadhi nje ya kompyuta ya kazini, kwani anayesimamishwa kazi mara nyingi hufungiwa barua pepe siku iyo hiyo. Usichukue, hata hivyo, hati ambazo huna ruhusa ya kuzifikia, wala usisambaze alama za wanafunzi au rekodi za wagonjwa wa zahanati ya chuo. Waeleze wachunguzi hati zilipo. Wao wana mamlaka ya kuzidai. Mtoa taarifa aliyevunja kabati humpa mwajiri sababu ya kumwadhibu isiyohusiana na taarifa yake.

Ikiwa hati unayoihitaji iko kwa chuo cha umma, unaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Chuo kinapaswa kukujibu katika siku 21. Kikikataa, Tume ya Haki Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, inaweza kuombwa kuupitia uamuzi huo.

Ukitakiwa kujieleza au kujiuzulu

Barua ya kutakiwa kujieleza isipuuzwe. Ijibu kwa maandishi kabla ya muda uliotajwa, hoja kwa hoja. Ukihitaji muda zaidi au hati fulani, omba kwa maandishi. Taja katika jibu lako kwamba ulitoa taarifa tarehe fulani, ili uhusiano wa mambo hayo uwe katika faili la chuo chenyewe.

Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya, mwajiri analazimika kumweleza sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kumsikiliza. Usiende peke yako. Wahadhiri wana chama chao cha UASU, na watumishi wasio wahadhiri wana vyama vyao, kikiwemo KUSU.

Usitie saini barua ya kujiuzulu chumbani mle mle unamoshinikizwa. Ni kweli kwamba mahakama za Kenya hutambua hali ambapo mwajiri ameifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaondoka, na huihesabu hali hiyo kuwa ni kuachishwa kazi. Lakini anayedai hivyo ndiye anayethibitisha, na akikaa muda mrefu baada ya tendo lililomuumiza kabla ya kuondoka, dai lake hupungua nguvu. Tafuta ushauri kwanza.

Ni wapi pa kwenda, na kwa muda gani?

Anza na rufaa ya ndani ya chuo. Kanuni nyingi huweka siku chache tu, kwa hiyo zisome siku ile unapopokea uamuzi. Baadhi ya watumishi wa umma hutakiwa na sheria kumaliza ngazi za rufaa za utumishi kabla ya kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kukataa kumsikiliza aliyeziruka. Uliza chama chako au wakili iwapo wewe ni miongoni mwao.

Aliyefutwa kazi isivyo haki anaweza kumwandikia afisa wa leba katika muda wa miezi 3 tangu siku ya kufutwa. Kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, muda ni miaka 3 tangu tendo lenyewe. Na pale ambapo madhara yalikuwa ya kuendelea, ni miezi 12 tangu yalipokoma. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo. Wako waliongojea ahadi ya naibu chansela au ya baraza la chuo hadi muda ukapita.

Vitisho na adhabu kwa aliyeripoti hongo ziripotiwe EACC, kwani hayo ni makosa ya jinai. Uonevu wa kiutawala katika chuo cha umma uripotiwe Tume ya Haki Utawala. Asiyemudu wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Milango hii haifanyi kazi moja: EACC humchunguza mwizi, lakini haikurudishii mshahara. Mshahara hudaiwa mahakamani.

Ni matokeo gani ya kutarajia?

Katika kesi ya kuachishwa kazi, mfanyakazi ana jukumu la kuonyesha kwamba aliachishwa isivyo haki, naye mwajiri ana jukumu la kuthibitisha na kutetea sababu alizozitoa. Mfanyakazi akishinda, mahakama inaweza kuamuru alipwe mshahara wa muda wa notisi, na fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Inaweza pia kuamuru arudishwe kazini, ikiwa haijapita miaka 3 tangu aachishwe, lakini hutoa amri hiyo kwa uangalifu mkubwa, ikizingatia kama wahusika wanaweza tena kufanya kazi pamoja. Ubaguzi na uvunjaji wa haki za kikatiba unaweza kuleta fidia ya ziada, kwa kadiri mahakama itakavyoona inafaa.

Tunayasema haya ili msomaji aamue akijua. Fidia ya miezi 12 haimrudishii mhadhiri wa miaka 50 kazi aliyoijenga maisha yake yote. Kwa sababu hiyo, ushindi ulio bora ni ule unaopatikana mapema: chuo kikigundua kwamba mtumishi wake ana barua yenye muhuri, daftari lenye tarehe na mwakilishi kando yake, huwa na sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Kwa hiyo, kabla hujatoa taarifa, tafuta nakala ya kanuni za watumishi, mjue mwakilishi wa chama chako kwa jina, na uandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako.